Mahjub bin Adam: Askari, Mwigizaji na Mwalimu wa Kiswahili Aliyedai Mshahara Wake

Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyefundisha lugha yetu mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini, na ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mnamo 1903. Aghalabu masimulizi yetu kuhusu walimu Waswahili nchini Ujerumani huishia kwake. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Miaka miwili baadaye aliwasili mjini humo kijana mwingine kutoka mwambao uleule, akiwa na madai mkononi. Jina lake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, ingawa Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa askari kabla hajabaleghe, akawa mhudumu wa meza, mwigizaji wa filamu na msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni, na hatimaye akafa mfungwa. Katika makala haya tunakusudia kuyasimulia maisha yake.

Huenda msomaji wa Kitui au Makueni akauliza mtu huyu anamhusu nini. Anamhusu kwa njia ya vita. Vita vilivyomfanya Mahjub askari wa Wajerumani ndivyo vilivyowazoa Wakamba wengi upande wa Waingereza, baadhi yao wakiwa askari wa Keya na wengi zaidi wakiwa wachukuzi wa mizigo. Reli ya Uganda, inayopita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ilikuwa mshipa wa jeshi la Waingereza, na vikosi vya Wajerumani vilivuka mpaka mara kwa mara kwenda kuitega baruti. Mwaka 1917, wachukuzi walipohitajika kwa wingi kupita kiasi, kazi ya kuwakusanya alipewa John Ainsworth, ambaye Ukambani walimjua tangu alipokuwa mtawala wa Machakos katika miaka ya 1890. Walioandikishwa walipelekwa kusini hadi bonde la Rufiji na nyanda za Lindi, na wengi hawakurudi. Hesabu za serikali yenyewe zinakiri vifo vya wachukuzi zaidi ya 40,000, na watafiti wengi wanaiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni mabaki ya kikosi hicho katika ulimi wa Kiswahili. Basi tunapomsimulia Mahjub tunamsimulia mtu aliyekuwa ng'ambo ya pili ya risasi zilezile.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Babake alikuwa Msudani aliyetumikia jeshi la Wajerumani na kupanda hadi cheo cha efendi, daraja la juu kabisa ambalo Mwafrika angeweza kulifikia katika jeshi hilo. Tukumbuke kwamba jeshi lililoiteka pwani ya Mrima kuanzia 1889 chini ya Hermann Wissmann liliundwa kwa sehemu kubwa na Wasudani walioajiriwa Misri. Watoto wa askari hao walizaliwa kambini, wakakua wakisema Kiswahili nyumbani na Kijerumani cha amri uwanjani. Mahjub alikuwa mmoja wa watoto hao. Alijifunza Kijerumani mapema, jambo lililomfaa na kumponza kwa kadiri ileile.

Vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka kumi. Aliingia jeshini pamoja na babake, akawekwa miongoni mwa vijana wa kupeleka ishara. Leo tungemwita askari mtoto, na hatungeona haya kumshtaki aliyemwandikisha. Zama hizo jambo lenyewe halikuonekana la ajabu. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa likirudi nyuma kuelekea kusini huku likipigana, likila chakula cha wanavijiji na kuacha njaa nyuma yake. Mnamo Oktoba 1917 majeshi hayo mawili yalikutana Mahiwa, karibu na Lindi, katika pigano lililokuwa miongoni mwa yale yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki. Hapo Mahjub alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Kuna jambo moja la sanaa ambalo hatuna budi kulitaja kabla ya kuvuka bahari, maana bila hilo uigizaji wa Mahjub huko mbele utaonekana kama kitu kilichoanzia Ulaya. Askari na wachukuzi wa vita hivyo walikuwa na tamthilia yao wenyewe, nayo ilikuwa ngoma ya Beni. Terence Ranger ameandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1975. Ngoma hiyo ilianzia miji ya pwani ya Kenya, ikaenea hadi koloni la Wajerumani, na wakati wa vita ikasambazwa na majeshi yenyewe pamoja na mateka wao. Wachezaji walivaa sare, wakapeana vyeo vya jenerali na daktari, wakapiga gwaride kwa magoma na tarumbeta. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana mji kwa mji. Baadhi ya wataalamu wameiona Beni kama uigaji mtupu wa mzungu. Sisi tunaona kwamba mchezaji wa Beni alikuwa mwandishi, mwelekezi na mwigizaji kwa wakati mmoja, na kwamba cheo alichojivika kilikuwa chake maadamu ngoma ilikuwa ikilia. Tofauti hiyo itatufaa tutakapofika kwenye filamu.

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza. Mahjub alifanya kazi za utumishi, kisha akaajiriwa kuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizopita pwani yetu. Kwa njia hiyo alifika Berlin mwaka 1929. Shabaha yake ilikuwa dhahiri: kudai mshahara wa vita ambao yeye na babake hawakulipwa. Alipeleka madai hayo katika Wizara ya Mambo ya Nje. Alijibiwa kwamba muda wa kuwasilisha madai ya askari ulikuwa umekwisha. Kwa karani aliyeandika jibu hilo, shauri lilikuwa limefungwa. Kwa Mahjub lilikuwa ndiyo kwanza lifunguke, kwa sababu hakurudi kwao, na kila alichokifanya katika miaka kumi na miwili iliyofuata kinaweza kusomwa kama namna nyingine ya kulidai deni hilo.

Alipata kazi Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katika uwanja wa Potsdamer Platz, ambako kila ukumbi ulipambwa ufanane na nchi fulani ya kigeni na wahudumu wakavishwa kulingana na ukumbi wao. Hapo ndipo uigizaji wake wa Ulaya ulipoanzia, hata kabla ya kamera. Mteja alilipia kinywaji pamoja na sura ya aliyemletea. Wakati huohuo alianza kufanya kazi katika chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin, palepale alipopata kufundisha Mtoro, akiwa msaidizi wa somo la Kiswahili.

Nafasi hiyo ya msaidizi inastahili kutazamwa kwa makini na sisi tulio katika taaluma hii. Kwa utaratibu wa chuo hicho, maprofesa Wajerumani ndio waliofundisha sarufi, ilhali Mswahili alikuwepo ili wanafunzi wamsikie, wamwige na wazungumze naye. Malipo yalikuwa madogo na cheo kilikuwa cha chini. Matamshi, methali, namna ya kuamkiana, na uamuzi wa kama sentensi inasemeka au haisemeki, yote hayo yalitoka kinywani mwake, lakini vitabu vilitoka kwa majina ya wengine. Nani basi alikuwa mwalimu? Tukiandika historia ya usomi wa Kiswahili kwa kufuata majalada ya vitabu pekee, tutakuwa na orodha ndefu ya Velten, Meinhof na Westermann, na watu waliowafunza kusema watabaki katika tanbihi.

Tarehe 27 Januari 1933 Mahjub alimwoa Maria Schwandner, mwanamke mzungu. Siku tatu baadaye Adolf Hitler alikuwa Kansela wa Ujerumani. Ndoa yenyewe haikuvunjwa, kwa kuwa ilitangulia sheria za ubaguzi za 1935, na walilea watoto. Hata hivyo, maisha ya familia hiyo yalizidi kubanwa mwaka hadi mwaka. Watu waliotoka makoloni ya zamani hawakuwa raia kamili wa Ujerumani hata kabla ya hapo. Sasa walinyang'anywa hata hati walizokuwa nazo. Mwaka 1935 alifukuzwa kazi Haus Vaterland.

Hapa maisha yake yanakuwa magumu kuyapenda, nasi hatutayapamba. Mwaka 1934 serikali ilianzisha nishani kwa wote waliopigana mstari wa mbele katika vita vya 1914 hadi 1918. Mahjub aliomba apewe. Alikataliwa, kwani nishani haikukusudiwa watu weusi. Alichofanya ni kuvaa sare ya askari na nishani alizojipatia mwenyewe madukani, akatokea nazo katika mikutano ya wale waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni yake. Ipo picha yake akiwa amesimama wima katika vazi hilo. Wenye makoloni walimpenda sana pale jukwaani, kwa sababu alikuwa ushahidi hai wa ngano yao kwamba askari wa Kiafrika alikuwa mwaminifu kwa Mjerumani hata kufa. Ngano hiyo haikuwa na nafasi kwa vijiji vilivyochomwa wakati wa Maji Maji, wala kwa njaa ya 1917. Alishiriki pia katika maonyesho ya kuzunguka mijini yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau, ambayo chama cha Nazi kiliyaweka chini ya usimamizi wake. Yaliwapa weusi riziki na papo hapo yakarahisisha kuwachunga. Yalifungwa mwaka 1940.

Je, alikuwa kibaraka? Wapo watakaosema hivyo, na hawakosi hoja. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba neno hilo linaficha zaidi ya linavyofichua. Kibaraka hulipwa, ilhali historia ya mtu huyu ni historia ya kutolipwa. Alinyimwa mshahara, akanyimwa nishani, akanyimwa uraia, na kila aliponyimwa alirudi na hoja ileile kwamba alipigana na akajeruhiwa. Sare ile aliyoinunua ilikuwa hati ya madai. Bahati mbaya aliibeba kwa watu waliotaka picha tu.

Filamu zilikuja kwa mlango huohuo. Kuanzia 1934 hadi 1941 alionekana katika filamu zisizopungua ishirini, nyingi kwa sekunde chache tu, akiwa mhudumu, mpagazi au mtu wa kupita. Katika filamu ya 1934 juu ya wapanda farasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoelekezwa na Herbert Selpin, aliigiza askari wa kupeleka ishara, yaani aliigiza utoto wake mwenyewe. Mwaka 1937 alionekana katika filamu iliyomvumisha mwimbaji Zarah Leander. Weusi wengine walioishi Berlin walikimbilia studio hizohizo, kwa kuwa zilikuwa miongoni mwa mahali pachache palipobaki pa kupata kazi. Nasi twajiuliza: kijana aliyekulia katika zama za Beni alihisi nini aliposimama mbele ya kamera akisubiri kuambiwa ageuke upande gani? Sare ilikuwa ileile, gwaride lilikuwa lilelile, lakini maneno yalikuwa yameandikwa na mwingine, na ngoma ilinyamaza pale mwelekezi alipotaka.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kujiunga na jeshi. Alikataliwa tena. Aliendelea chuoni hadi 1941, ambapo uhusiano wake na wakubwa wa chuo uliharibika na akaacha kazi. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Carl Peters, iliyoelekezwa tena na Selpin, huku Hans Albers, nyota mkubwa wa zama hizo, akiwa Peters. Mahjub alipewa nafasi ya Ramasan, mfuasi na mwelekezi wa njia wa Peters. Ndiyo nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Miongoni mwa weusi waliojaza picha hiyo kulikuwa na mateka wa vita wa jeshi la Ufaransa, waliotolewa kambini kuja kuigiza wanavijiji.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa Carl Peters alikuwa nani, lakini wanafunzi wa mwaka wa kwanza watatusamehe. Ndiye aliyezunguka Usagara na majirani zake mwaka 1884 akiwatilisha machifu alama katika mikataba ambayo hawakuweza kuisoma. Ndiye aliyewanyonga Mabruk na Jagodia huko Kilimanjaro kati ya mwaka 1891 na 1892, kisa kilichomfanya afukuzwe utumishini mwaka 1897 na serikali yake yenyewe. Mwambao ulimpachika jina la Mkono wa Damu. Hitler alimsafisha mwaka 1937, na filamu hii ilikuwa sabuni ya usafi huo. Kwa hiyo nafasi bora ya mwigizaji wetu ilikuwa kumtii Mkono wa Damu kwa uso wenye furaha. Hatumhukumu kwa hilo kwa urahisi, maana alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Lakini hatuwezi kuitazama filamu hiyo bila kukereka, na hatuoni sababu ya kutaka tusikereke.

Mnamo Agosti 1941 alikamatwa na Gestapo. Kosa alilobambikiwa lilikuwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, jambo walilolitaja kuwa ni kuchafua damu ya taifa. Hakufikishwa mahakamani. Mwezi uliofuata alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, Oranienburg, kaskazini ya Berlin. Alikaa humo zaidi ya miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944 akiwa na umri wa miaka arobaini. Mabaki yake yalizikwa katika makaburi ya Reinickendorf. Selpin, aliyemwelekeza katika filamu mbili, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1942 akiwa mikononi mwa polisi, baada ya kuyatukana majeshi wakati wa kutengeneza filamu nyingine.

Kwa miongo mingi hakuna aliyelitaja jina lake. Mwaka 2007 Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha wasifu wake kwa Kijerumani, na mwaka huohuo kibamba cha shaba chenye jina lake kiliwekwa njiani mbele ya nyumba aliyowahi kuishi, Brunnenstraße 193. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu juu yake, akitumia vipande vya filamu zilezile za zamani na kumtafuta Mahjub nyuma ya migongo ya nyota. Wasomaji wa Abdulrazak Gurnah wataona pia kwamba mwisho wa Ilyas katika riwaya ya Afterlives ya mwaka 2020, askari aliyekwenda Ujerumani akapotelea Sachsenhausen, unafanana mno na mwisho wa Mahjub. Kwa maoni yetu riwaya hiyo imefanya jambo ambalo wasifu hauwezi: imemweka ndugu aliyebaki pwani, anayengoja habari. Kwa Kiswahili, hata hivyo, Mahjub bado hajapata tamthilia wala tawasifu ya kubuni, na hapa ndipo mwandishi angependa kuwachokoza watunzi chipukizi wa chama chetu. Tuna Kinjeketile ya Ebrahim Hussein juu ya waliopigana na Wajerumani. Juu ya waliopigana upande wao hatuna.

Tukirejea kwenye deni. Wachukuzi wa upande wa Waingereza nao walikuwa na lao: mishahara ya maelfu waliofia njiani haikuchukuliwa na mtu, na serikali ya Uingereza haikukubali kuirejesha kwa jamii walizotoka, zikiwamo za Ukambani. Walichopata ni sanamu, ile iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 ikiwa na mchukuzi miongoni mwa watu wake na maandishi ya Kiswahili chini. Upande wa Wajerumani, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua mwaka 1964 kwamba askari wa zamani waliosalia Tanganyika walipwe. Husimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wengi hawakuwa na cheti chochote. Aliyeleta fedha akampa kila mmoja ufagio ashike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hapana hata mmoja aliyekosea. Wakalipwa. Mahjub angalikuwa hai, mwaka huo angalikuwa na miaka sitini.